Ukuta wa Karatasi

Lukasi hakuwa na drili ya umeme. Hakuwa na pikipiki ya kumpandisha mlimani, wala simu ya kuonyesha watu picha za kazi zake. Hakuwa na cheti cha chuo chochote; mwandiko wake mzuri aliupata kwenye darasa la jioni la watu wazima, akiwa tayari na ndevu. Hakuwa na mke, maana aliyekuwa naye alikwisha kumzika. Hakuwa na mtoto. Hili halikumkosesha usingizi, kwa sababu kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume asiye na mtoto bado ana wapwa. Yeye alikuwa na mpwa mmoja, Angelina, binti wa dada yake Chausiku, na huyo alimtosha.

Kitu kimoja tu kati ya vyote alivyokosa ndicho kilichomchoma. Hakuwa na kazi ya kujenga nyumba ya Angelina.

Angelina alikuwa na meza ya viungo sokoni Morogoro mjini. Mdalasini, iliki na pilipili manga vilimwendea vizuri, akaamua kujenga kwenye ardhi ya ukoo, huko juu ya Matombo, nyumba ya kukaa yeye, mumewe Mkude aliyekuwa mkulima, na mama yake ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Lori la tofali na saruji halipandi kule mvua ikinyesha, kwa hiyo nyumba ingekuwa ya mbao. Na ukisema nyumba ya mbao pande zile, umesema Lukasi. Mzee alikwisha kuipanga kichwani. Alijua nguzo za kona atazitoa kwenye mti gani, na mishazari yake, yaani zile mbao za kukata fremu kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ili isilale upande, ataifunga kwa vidato vya patasi bila msumari, kama alivyofundishwa na mafundi wa zamani wa misheni.

Siku Angelina alipokuja na gari la mizigo, kwenye kiti cha mbele alikaa mtu mwingine, wa makamo, mwenye shati safi na penseli sikioni.

"Mjomba, huyu ni fundi Mikidadi wa Msamvu," Angelina alisema. "Ndiye atakayenijengea. Wewe utanitengenezea milango na vitanda."

Mikidadi aliinama akasema shikamoo, tena kwa heshima yote. Lukasi akaitikia marahaba. Kama yule mtu angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi zaidi.

Milango na vitanda. Jioni ile alilisema neno hilo kwa sauti akiwa peke yake karakanani, akapiga randa ubao mpaka ukawa mwembamba hata asiweze kuutumia.

Tangu hapo hakukosa kwenda kutazama. Alijipa sababu. Leo alikwenda kupima nafasi ya mlango, kesho akaenda kuhakikisha kipimo cha jana. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akitafuta kosa. Dada yake Chausiku, ambaye hana simile, alimwuliza mbele ya wanawake waliokuwa wakianika mdalasini kama kwake njaa imeingia.

"Kaka, wewe unaionea wivu hata skrubu," akamwambia. "Umeikodolea macho kama mtu anayedhani itamwibia mke."

Wanawake walicheka, na Lukasi akacheka nao ili wasijue.

Kosa alilipata siku fremu iliposimama. Mikidadi alikuwa amepigilia mishazari kwa nje, lakini kwa misumari iliyoachwa vichwa nje, kama mtu anayekusudia kuing'oa. Lukasi akauliza. Mikidadi akajibu bila kuficha kwamba ndiyo, ataing'oa. Mishazari ile ilikuwa ya kushikilia kwa muda tu. Kazi yake ingefanywa na jipsamu za kuta za ndani.

Lukasi alidhani anataniwa. Jipsamu aliifahamu. Ni unga mweupe uliokaushwa katikati ya karatasi mbili, kitu cha kupendezesha dari za watu wa mjini. Ukikiangusha kinavunjika pembe. Ukikimwagia maji kinalainika kama andazi kwenye chai.

Mikidadi akatoa kiberiti mfukoni. Akachomoa kisanduku cha ndani chenye njiti, akabaki na ganda tupu. Akalibonyeza kwa kidole upande mmoja, likalala kama jani. Kisha akarudisha kisanduku ndani ya ganda, akabonyeza tena. Halikulala.

"Mzee, ganda ndiyo fremu," akasema. "Kisanduku ndiyo jipsamu. Ubao wa mraba hauwezi kugeuka ukawa wa mshazari bila kupasuka. Ukiushika kingo zake zote, skrubu karibu karibu, na fremu nayo haiwezi."

Angelina alikuwapo siku hiyo. Alipiga makofi kama mtoto aliyeonyeshwa mazingaombwe, na makofi yale ndiyo yaliyomwuma Lukasi kuliko kiberiti. Alikumbuka Angelina alivyokuwa akimpigia yeye makofi, akiwa mdogo hivi, kwa kumchongea pia ya kuchezea.

Kule juu kuna desturi ambayo mafundi wa misheni waliiacha na watu wakaifanya yao. Nyumba ya mbao haikabidhiwi mpaka fundi mzee asimame kwenye kona, aweke bega, asukume kwa uzito wake wote. Nyumba ikitikisika, watu hawaingii. Kwa miaka mingi bega hilo lilikuwa la Lukasi. Aliposukuma fremu tupu ya Mikidadi, baada ya mishazari miwili kuondolewa ili jipsamu ipite, ilicheza kama kitanda kibovu. Alifurahi, lakini Mikidadi akamwambia kwa upole kwamba angoje.

Basi akangoja, akitazama. Jipsamu zikapandishwa, nzima nzima, kutoka sakafuni hadi juu. Mikidadi alizifunga kwa drili, na Lukasi aliona jinsi alivyopima shubiri kati ya skrubu na skrubu kwenye kingo zote, hata pale ambapo hakuna atakayeona. Aliona pia kwamba ubao wa chini wa fremu ulifungwa kwa boliti kwenye msingi. Alitafuta uzembe, akakosa, na kukosa huko kulimwumiza kama jino.

Siku moja alikuwa nje, amebeba fremu ya mlango, akamsikia Mikidadi ndani akimwonyesha Angelina nyumba. Alimweleza kwamba upande wa bondeni ni madirisha matupu, kwa sababu Angelina mwenyewe alitaka kuona bonde, na upande wa barazani ni milango. Kwa hiyo upepo ukija kutoka bondeni unashikwa na ukuta mmoja mzima uliobaki, ule wa katikati, kati ya sebule na chumba cha mama. Huo usiguswe. Usitobolewe dirisha wala mlango. Angelina akaitikia, akauliza habari ya rangi.

Lukasi aliweka fremu chini, akaondoka. Ukuta wa karatasi, alijisemea njiani. Anajitia daktari.

Nyumba ilipokwisha, majirani walikusanyika, na Lukasi akaweka bega kwenye kona. Alisukuma. Haikutikisika. Akarudi hatua chache, akaja kwa nguvu, akasukuma tena mpaka kofia ikamdondoka.

"Mzee, mlango uko huku," Mikidadi alisema, "usihangaike kuingilia ukutani."

Watu walicheka sana, na Angelina alicheka zaidi yao. Lukasi akaokota kofia, akasema masika bado hayajafika.

Mikidadi akarudi mjini. Angelina naye akarudi kwenye meza yake ya viungo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kuuza, na Mkude akabaki na mama mkwe ndani ya nyumba mpya. Hapo ndipo jambo likatokea ambalo fundi wa Msamvu hakulifikiria. Mlango wa chumba cha Chausiku na mlango wa chumba cha Mkude ilitazamana kwenye ujia mmoja mwembamba. Mama akitoka kitandani asubuhi, nywele hazijafungwa, anakutana uso kwa uso na mume wa binti yake anayetoka kuoga. Kwetu hilo haliwezekani. Mama mkwe na mkwe wake huongea kwa mbali, huachiana njia, na mahali pa kulala pa mmoja mwingine hapajui. Ikawa Chausiku hawezi kutoka chumbani mpaka Mkude aende shamba, na Mkude akawa anaamka kabla ya jogoo na kujifanya ana kazi nyingi. Wote wawili walikonda kwa adabu.

Chausiku akamwita kaka yake. Alitaka mlango mwingine, utokee moja kwa moja sebuleni, na ule wa ujiani aufunge kabisa.

"Huyu fundi wenu wa mjini hana mama mkwe?" aliuliza.

Lukasi alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa miezi mingi. Fundi wa huku asingeweka milango hiyo ikatazamana. Akasema hivyo, tena akarudia. Mkude, akiwa amesimama uani kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani, aliuliza kwa sauti kupitia dirishani kama ukuta wa sebule unakatika bila madhara. Lukasi alikumbuka maneno aliyoyasikia. Aliyakumbuka neno kwa neno.

"Huo?" akasema. "Huo ni karatasi. Haubebi kitu."

Akaukata kwa msumeno wake. Unga mweupe ulimwagika juu ya viatu vyake, naye hakuupangusa. Alitoa na nguzo mbili nyembamba zilizokuwa nyuma yake, akaweka fremu na mlango aliouchonga kwa mbao za mkangazi, mlango mzuri kuliko wote ndani ya nyumba ile. Akausukuma ukafunguka bila sauti. Chausiku alipita mara tatu kwenda na kurudi kama bibi harusi. Lukasi hakumwambia mtu kwamba ukuta ule ulikuwa umekatazwa. Alikuwa na hakika kwamba katazo lenyewe lilikuwa maringo.

Masika yakaingia. Upepo wa bondeni ukaja na mvua yake kwa siku mfululizo, kama kawaida yake. Kwanza dirisha moja likagoma kufungwa. Kisha ufa ukaonekana juu ya dari ya sebule, kwenye maungio ya jipsamu. Kisha mlango wa mbele ukaanza kukwaruza sakafu, na bati zikawa zinalia kila upepo ukipita. Lukasi alipeleka timazi yake, akaining'iniza kwenye kona. Nyumba ilikuwa imeinama kuelekea mlimani, upana wa kidole gumba. Akaweka bega kwenye kona. Ilitikisika.

Watu walikuwapo, wakaona. Habari zikafika mjini kabla ya gari la jioni.

Angelina alipanda siku ya pili yake, macho mekundu. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja karakanani kwa mjomba wake, akakaa juu ya benchi la kupigia randa, pale alipokuwa akikaa utotoni.

"Mjomba, ulikuwa sahihi," akasema. "Nilipaswa kukupa wewe tangu mwanzo. Nimetafuta uzuri wa mjini nikamwacha mtu wangu. Mvua ikiisha, ing'oe yote, unijengee unavyojua."

Haya ndiyo maneno ambayo Lukasi alikuwa ameyasubiri. Alikuwa ameyatunga mwenyewe mara nyingi, akimwekea Angelina mdomoni, na sasa yalikuja karibu kama alivyoyatunga. Alishika mkono wa mpwa wake akasema si kitu, mwanangu.

Kisha Angelina akamweleza mengine. Alikwisha kumpigia simu Mikidadi na kumsema vibaya sana. Mikidadi aliuliza swali moja tu, kama kuna mtu aliyegusa ukuta wa katikati. Alipoambiwa habari ya mlango wa mama, alisema basi, sababu ni hiyo. Angelina akakasirika. Akamwambia asimtupie lawama mjomba wake, aliyekuwa fundi kabla yeye hajazaliwa, na asithubutu kukanyaga tena kwenye ile nyumba. Sasa suala lilikuwa limefika kwa Badrudin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ambako jipsamu zote zilinunuliwa. Badrudin alikuwa amempa Mikidadi kazi ya kujenga nyumba za wafanyakazi wake kule Kisaki, za mbao na jipsamu hivyo hivyo. Aliposikia ya Matombo aliisimamisha. Mikidadi alikuwa amekwisha kuacha kazi nyingine zote kwa ajili ya hiyo.

"Badrudin anasema hatasikiliza maneno ya simu," Angelina alisema. "Anakujua, uliwahi kumfanyia baba yake kenchi za paa la duka. Anataka uandike kwa mkono wako, utie saini. Kosa ni la ujenzi au ni la mlango? Utakachosema ndicho atakachofuata."

Lukasi alisema ataandika. Angelina alipoondoka kurudi mjini alimwachia bahasha, pamoja na karatasi nzuri isiyo na mistari, maana alijua mjomba wake haandiki ovyo.

Hakuandika siku ile. Kesho yake asubuhi Mikidadi alimpigia. Lukasi alikuwa na kisimu kidogo cha vitufe, cha kupokea na kukata tu. Alidhani atasikia matusi, na aliyatamani, kwa sababu yangemrahisishia mambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sikupigii kukulaumu. Milango kutazamana ni kosa langu, nimeambiwa, na nimeona aibu. Mimi nina ombi moja. Una ubao wa plaiwudi?"

Lukasi alisema anao.

"Uzibe ile nafasi ya mlango, juu mpaka chini, kisha usukume kona. Ikitikisika, andika utakalo, mimi nitanyamaza."

"Na isipotikisika?"

"Hapo wewe ndiye unayeshika kalamu," Mikidadi akasema, akamuaga.

Lukasi alichukua plaiwudi, skrubu na bisibisi, akapanda. Chausiku alikuwa amekwenda kuhemea, Mkude yuko shamba. Mpaka anaingia sebuleni alikuwa bado anapiga hesabu ya nyumba atakayoijenga mvua ikiisha. Aling'oa mlango wake wa mkangazi kwenye bawaba, akausimamisha kwa uangalifu kwenye kona, akatoa na fremu yake, akarudisha zile nguzo mbili nyembamba mahali pake, akaziba nafasi kwa plaiwudi. Akafunga skrubu nne, moja kila pembe. Akatoka nje, akaweka bega, akasukuma.

Nyumba ilitikisika.

Alisimama pale kwenye matope akicheka peke yake. Alikwisha kuiona barua yote, aya kwa aya, na saini chini. Alirudi ndani kuchukua bisibisi yake aende akaandike.

Plaiwudi ilikuwa imejitenga kidogo na nguzo upande mmoja, na mwanga ulipita. Aliutazama ule mwanga. Skrubu nne. Kama fundi kijana angemletea kazi ya skrubu nne kwenye ubao wa ukubwa ule, angemtupia nje ubao na skrubu zake. Na alijua vizuri sana Mikidadi alifungaje, kwa sababu alisimama mlimani pale wiki kadhaa akimhusudu, mpaka akajua kazi ya yule mtu kuliko wasaidizi wake mwenyewe. Shubiri kwa shubiri. Kingo zote. Hata pasipoonekana.

Alikaa juu ya kiti cha dada yake. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuing'oa ile plaiwudi, kurudisha mlango, na kusema alijaribu, na isingekuwa uongo. Alikaa hivyo mpaka akasikia mbuzi wa jirani wakirudishwa.

Kisha akainuka, akaanza kupima kwa shubiri yake.

Bila drili, kila skrubu ilikuwa vita. Alipaka sabuni nyuzi zake ziingie, akasukuma kwa kifua, akazungusha mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Alipofika ukingo wa chini ilibidi alale kifudifudi sakafuni, mzee wa umri wake, akinung'unika jina la Mikidadi kwa kila mzunguko, na hakulitaja kwa kheri. Alipomaliza, aligonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ulitoa sauti ya ngoma iliyokazwa.

Akatoka nje. Aliweka bega kwenye kona, taratibu kwanza. Kisha kwa nguvu. Kisha akarudi nyuma akaja kama siku ile ya kukabidhi, na kofia ikaanguka tena, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kucheka.

Nyumba haikutikisika. Ilikuwa bado imeinama kidole, lakini ilisimama hapo ilipoinamia kama jiwe.

Lukasi aliegemea ile kona muda mrefu. Mvua ilianza tena ndogo ndogo. Hakufikiri juu ya upepo wala jipsamu. Alifikiri juu ya Angelina amekaa kwenye benchi lake, akisema nilipaswa kukupa wewe. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angemwambia maneno yale, na yeye angekaa nayo siku moja na nusu tu.

Chausiku alimkuta hapo, kikapu kichwani. Akaingia ndani, akaona nafasi yake imezibwa, akatoka.

"Umeniibia mlango wangu?"

"Nitakuwekea mwingine," Lukasi akasema. "Utatokea barazani, pembeni, ambako Mkude hapiti. Ukuta ule hauna kazi."

"Na huu?"

"Huu unayo."

Dada yake alimtazama, akatazama kiganja chake, akatazama kofia iliyokuwa kwenye matope. Aliokota kofia akaikung'uta, akampa.

Aliiandika barua asubuhi ya pili, mlango wa karakana ukiwa wazi ili apate mwanga. Aliandika kwanza upande wa nyuma wa msasa uliokwisha, kisha akanakili kwenye karatasi nzuri.

"Kwako Bwana Badrudin. Salamu sana. Umeniuliza kosa ni la nani. Nyumba ya Angelina haikuinama kwa ujenzi wa Mikidadi. Iliinama kwa sababu mimi nilikata mlango kwenye ukuta uliokuwa umeishikilia. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba ukuta huo usiguswe. Nimeuziba kwa plaiwudi, skrubu shubiri kwa shubiri, nikasukuma kona, haitikisiki. Jipsamu ikifungwa hivyo inafanya kazi ya mshazari, ilimradi isikatwe na isilowe. Kosa la Mikidadi ni kutazamanisha milango ya mkwe na mama mkwe. Kule Kisaki aulize kwanza watu wanaishije. Nyumba hii inahitaji kunyanyuliwa irudi wima, na jipsamu mpya kwenye ukuta ule. Kazi hiyo mimi siijui. Aje mwenyewe."

Aliisoma. Mwandiko ulikuwa safi, herufi zote zimesimama. Ilikuwa barua ya ukweli, na kila mstari ulimkera. Kabla ya saini akaongeza sentensi moja: "Hata hivyo, mimi ningeweka mshazari." Akafikiri kuikata. Karatasi nzuri ilikuwa moja tu, na mstari uliokatwa ungeiharibu. Pia aliamini alichoandika. Akaiacha.

Angelina alikuwa bado hajajua. Angejua Badrudin atakapofungua, au angeambiwa na mama yake kwa simu usiku wa siku hiyo. Lukasi alijaribu kufikiria atakuwa na uso gani, akaacha.

Bahasha haikuwa na gundi ya kutosha, ilikuwa ya bei rahisi. Akachukua gundi ya mbao, akaipaka nyembamba kwa kidole kwenye ulimi wa bahasha, akaikunja, akailaza juu ya benchi na kuiwekea randa yake nzito. Alingoja ikauke, maana gundi isiyokauka ni kazi ya mtoto. Alipoinua randa alijaribu kuufungua ulimi kwa ukucha. Haukufunguka.

Gari la Morogoro lilikuwa limesimama kituoni, likipakia ndizi. Kondakta alimwuliza kama ni mzigo wa haraka.

"Ni wa duka la Badrudin," Lukasi akasema. "Umpe mwenyewe mkononi. Ukifika Msamvu, ukimwona fundi mmoja anaitwa Mikidadi, mwambie apande."

"Apande aje kufanya nini, mzee?"

"Mwambie apande tu. Aje na drili yake."

Kondakta akaiweka bahasha kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Gari likaanza kushuka, ndizi zikitikisika juu ya keria, na Lukasi akaitazama kamba iliyozishikilia mpaka gari likapotea kwenye kona. Ilikuwa imefungwa vibaya.